Biashara Changa Nayo Hulelewa

Wahenga walisema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Twalisema neno hilo juu ya watoto wetu, wala hatulikumbuki tutazamapo karakana ya seremala kijana kule Songea, au kinu cha akina mama wakamuao alizeti kule Singida. Hao nao ni wachanga, nao wahitaji mlezi. Yafaa tulitazame jambo hili kwa makini, kwa kuwa fedha zinazotumika ni za umma, na madeni yanayobaki ni ya watu wa hali ya chini.

Fikira yenyewe si ngeni. Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, ulioanza 1969, uliteua miji 9, nayo ni Tanga, Arusha, Moshi, Mwanza, Tabora, Dodoma, Morogoro, Mbeya na Mtwara, ili viwanda visirundikane Dar es Salaam. Mwaka 1973 ikatungwa sheria ya kuunda Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO, ambalo leo lina ofisi katika mikoa yote ya Tanzania Bara. Shirika hilo lilijenga mitaa ya viwanda mikoani, mahali ambapo fundi asiye na jengo aweza kupanga banda, kufundishwa na kupewa shauri. Siku hizi mahali pa kulelea biashara huitwa kiatamizi, na jina limefaa. Kuku huatamia mayai yake siku 21. Akiondoka siku ya 10, hapati kifaranga.

Tangu 1976 karakana kadhaa ziliunganishwa na viwanda vidogo vya Sweden, kila kimoja kikiwa kama ndugu mkubwa wa kutoa mashine na mafunzo. Mafundi hodari walipatikana. Lakini nyingi katika karakana hizo zilitegemea malighafi na vipuri vya ng'ambo. Fedha za kigeni zilipoadimika mwanzoni mwa miaka ya 1980, mashine zikakosa kazi. Funzo ni wazi: mtoto asizoezwe chakula kisichopatikana nyumbani. Alizeti ya Singida yalimwa Singida.

Sasa tuitazame mikopo ya halmashauri. Tangu 2018 sheria yailazimisha kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani iwe mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Nia hiyo ni njema kabisa. Hata hivyo Aprili 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hiyo, baada ya ukaguzi kufichua fedha nyingi zisizorejeshwa. Mwaka 2024 ikarudishwa kwa utaratibu mpya, na katika halmashauri 10 ikaamuliwa ijaribiwe kupitia mabenki.

Sisi hatukushangaa. Kikundi kilichopewa fedha pasipo kujua kuandika hesabu, pasipo banda, pasipo mnunuzi, kitafanya nini? Kitagawana, au kitanunua mashine isiyo na fundi wa kuitengeneza. Wenye hila wapo, nao washitakiwe. Lakini yule mnyofu aliyeshindwa abaki na deni na aibu kwa kosa gani? Benki yajua kudai. Kulea si kazi yake.

Kwa hiyo twasema mambo matatu. Kwanza, mkopo wa halmashauri na mafunzo ya SIDO vifungwe pamoja: mtu aandaliwe kwanza, kisha akopeshwe, kisha atembelewe. Pili, apatiwe soko. Sheria ya Ununuzi wa Umma yataka asilimia 30 ya manunuzi itengewe makundi maalumu. Basi madawati ya shule za wilaya yatengenezwe na mafundi wa wilaya hiyo. Tatu, kulea si kudekeza. Aliyekwisha kusimama aliache banda, mwingine aingie.

Wako wasemao kwamba Serikali isijishughulishe, mwenye nguvu ataota mwenyewe. Mbona mwekezaji mkubwa husogezewa barabara na umeme, akasamehewa na sehemu ya kodi? Hayo nayo ni malezi. Hatuyapingi, twataka fundi wa Songea naye ayapate kwa kadiri yake.

Madiwani ndio walio karibu na jambo hili. Wakutanapo kupitisha bajeti, wasiridhike kuambiwa ni vikundi vingapi vimekopeshwa. Waulize ni vingapi vingali vikifanya kazi baada ya mwaka, kisha waende wakavione.