Kupigana kwa Wahindi: kwanza mwili, silaha baadaye



Kwetu huku, mpaka Butembo na Beni, kijana akisema anajifunza kupigana, tunafikiri mara moja karate, judo ao tekwondo. Hizo zilitoka Japani na Korea. Lakini India, ile nchi ambayo askari wake wa kofia ya bluu walikaa miaka mingi katika Kivu ya Kaskazini, iko pia na michezo yake ya kupigana, ya zamani sana. Leo tuangalie miwili.

1. Kalaripayattu

Unatoka Kerala, kusini-magharibi ya India. Kalari njo ile nafasi ya kujifunzia: kwa desturi ni shimo wanachimba ndani ya udongo, urefu karibu mita 13, upana mita 6 na kitu, mlango unatazama mashariki. Katika kona moja kuna puttara, madhabahu ya ngazi saba. Mwanafunzi anaisalimia mbele ya kuanza.

Masomo yako na hatua nne. Ya kwanza ni mwili: kuruka, kuinama, kupiga teke, na mikao ya kuiga wanyama kama tembo, simba, nyoka na jogoo. Ya pili, fimbo. Ya tatu, silaha za chuma: kisu, upanga na ngao, na urumi, upanga unaopindika kama mshipi. Ya nne, mikono mitupu.

Munaona? Mikono mitupu, ambayo sisi tungeanza nayo, kule inakuja mwisho. Juu ya nini? Juu hapo njo mwalimu anaonyesha marma, sehemu za mwili ambazo pigo moja linaweza kuumiza vibaya sana. Hawezi kuzionyesha mtu ambaye hajamjua tabia. Na mwalimu huyo, gurukkal, ni mganga vilevile: anakanda mwili kwa mafuta ya miti na kutengeneza mifupa. Anayejua kuvunja, lazima ajue kuunga.

2. Gatka

Huu ni wa Wasikh wa Punjab, kaskazini. Guru Hargobind, kiongozi wao wa 6, aliyeongoza kuanzia 1606 mpaka 1644, alivaa panga mbili: moja ya mamlaka ya dunia, ingine ya kiroho. Kwao, nguvu bila imani ni ujambazi tu, na imani bila nguvu haiwezi kulinda mnyonge. Mwaka 1699 Guru Gobind Singh akaanzisha Khalsa, jamaa ya waamini wanaobeba silaha kwa kiapo. Gatka yenyewe wanacheza na fimbo yenye kishikio na ngao ndogo, mara nyingi ngoma inapigwa. Kila mwaka wanaonyesha ufundi wao kwenye sikukuu ya Hola Mohalla, Anandpur Sahib.

Wasikh hawako mbali na sisi. Wengi walifika Afrika ya Mashariki wakati wa kujenga reli kutoka Mombasa mpaka Kisumu, 1896–1901. Kenya wanawaita Makalasinga, na hekalu lao la Makindu linajulikana sana.

3. Mkoloni akafanya nini?

Waingereza walichukua Punjab mwaka 1849 na kunyang'anya watu silaha. Mwaka 1878 wakatoa sheria: Muhindi asibebe silaha bila kibali. Michezo hii ikapungua, lakini familia fulani zikaendelea kufundisha watoto wao. Katika miaka ya 1920, kule Thalassery, walimu wa kalari wakaanza tena kuonyesha mbele ya watu. Mama Meenakshi Amma, aliyeanza akiwa na miaka 7, alipewa nishani ya Padma Shri mwaka 2017 akiwa na zaidi ya miaka 70, bado anafundisha wasichana kwa wavulana. Na leo gatka na kalaripayattu ziko ndani ya michezo ya vijana ya serikali, Khelo India.

4. Na sisi?

Sisemi kalari ingezuia vita. Watu wa Kerala na Punjab walipigana vita vingi. Lakini angalia tofauti. Kwetu Lubero, toka vita vifike Kanyabayonga katika mwezi wa 6, 2024, na hata mbele ya hapo, kijana anaweza kupewa bunduki bila mafundisho ya maana. Kule, chuma kinakuja kisha mwili na fimbo, kutoka mkono wa mtu anayekujua. Silaha bila mwalimu, tunajua inaleta nini.

Tena, sisi wa agronomia tunajua: mbegu haikai miaka yote ndani ya gunia. Kuitunza njo kuipanda tena. Wazee wetu nao walijifunza mkuki, upinde na mieleka kwa mtu fulani. Basi, kazi kwa kila mmoja wetu: uliza babu yako nani alimfundisha, na alimkataza nini mbele ya kumpa mkuki. Andika jibu. Hilo la kukatazwa njo la maana zaidi.