Dabi Bila Mpira: Biashara ya Kusubiri (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi gazeti la New York Sun, lililoanzishwa na Benjamin Day mwaka 1833, lilivyouzwa kwa senti moja tu, kwa sababu faida ya Day ilikuwa katika kuwauzia wafanyabiashara macho ya wasomaji wake. Leo tulilete jambo hilo Kariakoo. Mashabiki wengi wa soka nchini wana uchovu ambao huusema chinichini, wasije wakaambiwa hawana mapenzi na timu. Wamechoshwa na dabi. Mchezo wenyewe bado wanaupenda. Kinachowachosha ni kelele zinazoutangulia.

Tuanze na hesabu. Ligi Kuu ya timu 16 ina mechi 240 kwa msimu, na Yanga na Simba hukutana katika mbili tu. Hizo ni dakika 180, ukiacha za nyongeza. Redio yenye kipindi cha michezo asubuhi, mchana na usiku haiwezi kuishi kwa dakika 180. Kumtuma mwandishi mkoani kufuatilia timu ndogo kunataka nauli, posho na malazi. Kuwakalisha wachambuzi watatu studio wabishane nani ataanza golini hakutaki zaidi ya viti na vipaza sauti. Ubishi huo hauna mwisho, kwa kuwa hakuna ajuaye jibu mpaka kikosi kitangazwe.

Klabu nazo zimeielewa biashara hiyo. Zamani katibu wa klabu alizungumza palipokuwa na jambo. Siku hizi kuna msemaji, na kazi yake ni kuhakikisha jambo lipo. Ataitisha mkutano na waandishi, atamtambia mtani, kesho msemaji wa pili atamjibu, keshokutwa wa kwanza atajibu jibu. Tazama kilicho nyuma yake anapozungumza: bango lenye nembo za wadhamini, zimepangwa mistari kwa mistari ili kamera isizikose. Mkutano umeitishwa kwa ajili ya bango hilo.

Mwanahistoria wa Marekani Daniel Boorstin alilieleza hili mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika kitabu chake The Image. Alitoa mfano wa hoteli inayotaka kujipandisha hadhi. Badala ya kutafuta mpishi bora, kutengeneza mabomba au kupaka vyumba rangi, inaandaa sherehe ya miaka 30 tangu kuanzishwa, inaalika wakubwa na wapiga picha. Sherehe inaripotiwa kana kwamba ni habari, na hoteli inapata jina. Boorstin aliyaona matukio ya aina hiyo kuwa ya kutengenezwa: yanapangwa ili yaripotiwe, na mafanikio yake hupimwa kwa ukubwa wa taarifa. Alikuwa akiwazia zaidi wanasiasa na watu mashuhuri, lakini maelezo yake yanawakaa wasemaji wetu vizuri mno.

Ushahidi mkubwa tulipewa Machi 8, 2025, siku iliyopangiwa dabi. Jioni ya kuamkia siku hiyo Simba walikwenda Uwanja wa Benjamin Mkapa kufanya mazoezi, wakazuiwa kuingia. Wakatangaza kwamba hawatacheza. Siku ya mechi Bodi ya Ligi ikaiahirisha, Yanga wakapeleka timu uwanjani vilevile. Waliotoka mikoani kwa mabasi wakarudi na jezi zao, hawakuona hata mpira ukiwekwa kati. Vituo vya utangazaji je? Vilipata mavuno. Kanuni zikasomwa hewani kifungu kwa kifungu, wanasheria wakageuka wachambuzi na wachambuzi wakageuka wanasheria. Ikawa hivyo kwa siku zaidi ya mia, hadi mechi ilipochezwa Juni 25 na Yanga kushinda 2-0. Mpira uliondolewa, biashara ikaendelea. Mwenye kutaka kujua ni kipi hasa tunachouziwa ana jibu hapo. Wala haikuwa mara ya kwanza: Mei 8, 2021 dabi ilikwama kwa sababu ya kubadilishwa saa ya kuanza, ikachezwa Julai 3.

Haki itendeke: kelele hizi zinaleta fedha. Mkataba wa haki za matangazo ya televisheni ambao TFF iliingia na Azam Media mwaka 2021 ulikuwa wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, na wadhamini hawaji palipo kimya. Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, Simba mwaka 2025. Mafanikio hayo yana gharama zake. Wasemaji wenyewe baadhi yao ni wachekeshaji wazuri kuliko wachekeshaji tunaowalipia kiingilio.

Lakini kumbukumbu ina upimaji wake. Julai 1977 Simba waliifunga Yanga 6-0, Abdallah Kibadeni akifunga mabao matatu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni, redio ilikuwa moja, na vituo binafsi vilikuwa havijaruhusiwa. Vilikuja baada ya Sheria ya Utangazaji ya 1993. Mabao yale bado yanasimuliwa vijiweni na watu ambao hawakuwa wamezaliwa. Muulize shabiki huyohuyo msemaji wake alisema nini kabla ya dabi ya mwaka juzi.

Wahariri wa michezo, kuna mechi nyingine 238. Zipeni angalau robo ya saa mnazotumia kusubiri hizi mbili. Na wewe msomaji, dabi ijayo jaribu kuwasha king'amuzi mwamuzi anapopuliza filimbi ya kwanza, ukizime anapopuliza ya mwisho. Sehemu ya tatu itahusu kampuni za kubashiri, ambazo zina sababu zao za kutaka usizime.