Umeumia Kazini? Hakikisha Imeandikwa

Kila alfajiri, matatu na tuktuk zinazotoka Magogoni hubeba mafundi wa mjengo, wahudumu wa hoteli, walinzi na vibarua wa viwandani. Anayerudi jioni na mkono uliofungwa bendeji mara nyingi husimulia kisa kile kile: msimamizi alimpa pesa za dawa, akamwitia bodaboda, akamwambia apumzike nyumbani. Hakuna aliyeandika chochote.

Pesa za dawa si fidia. Chini ya sheria ya mwaka 2007 kuhusu majeraha ya kazini, ambayo wengi huijua kama WIBA, matibabu ni wajibu wa mwajiri hata kabla ya fidia kuzungumziwa. Fidia yenyewe huanza na taarifa.

Mfanyakazi, au mtu mwingine kwa niaba yake, humwarifu mwajiri kwa mdomo au kwa maandishi. Sheria inakubali mdomo, ila maneno matupu ni rahisi kukanwa. Ujumbe wa simu uliotumwa siku hiyo hiyo, ukitaja saa, mahali, kazi iliyokuwa ikifanywa na walioshuhudia, una nguvu zaidi. Kuanzia hapo mwajiri ana siku 7 za kuripoti kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini, yaani DOSH, kwa fomu ya DOSH/WIBA 1. Mtu akifa kazini, afisa wa DOSH wa eneo hilo hujulishwa ndani ya saa 24, na maandishi hufuata ndani ya siku 7.

Sehemu moja ya fomu hiyo hujazwa na daktari. Kwa hivyo majeruhi amwambie daktari tangu siku ya kwanza kwamba aliumia kazini. Karatasi ya hospitali inayosema tu "alianguka", bila kutaja kwamba alianguka kutoka kwenye jukwaa la mjengo, haitamfaa sana miezi sita baadaye.

Vibarua wengi hudhani hayo ni ya walioajiriwa kwa barua. Sivyo. Mkataba wa mdomo pia ni mkataba.

Dai la fidia huwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali, au tangu kifo. Muda huo ukipita, dai linaweza kukataliwa. Anayelazwa au kukaa nyumbani siku 3 au zaidi hustahili kuendelea kulipwa mapato yake, kwa muda usiozidi miezi 12. Kwa ulemavu kamili wa kudumu, hesabu ni mapato ya miezi 96, na wategemezi wa aliyefariki huhesabiwa vivyo hivyo. Mlango wa kwanza ni DOSH, si mahakama. Mahakama ya Juu iliidhinisha utaratibu huo Desemba 2019.

Ugonjwa ni mgumu zaidi kuliko jeraha, kwa kuwa hauna saa wala shahidi. Wakazi wa Mombasa bara wanaikumbuka Owino Uhuru, huko Mikindani, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007 na kufungwa 2014. Sumu ya risasi iliingia kwenye miili ya wafanyakazi na majirani. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, fidia hiyo ikabatilishwa kwenye rufaa, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Katika safari hiyo ndefu, vipimo vya damu vilivyohifadhiwa vilikuwa miongoni mwa ushahidi. Anayefanya kazi na rangi, saruji, betri au dawa za kuua wadudu, akianza kukohoa au kuumwa tumbo bila kukoma, amweleze daktari anachoshika kila siku, na atunze kila karatasi anayopewa.

Kazi na fidia ziko chini ya serikali ya kitaifa, si kaunti. Mwajiri akikataa kuripoti, mfanyakazi anaweza kwenda mwenyewe katika ofisi ya DOSH jijini Mombasa. Abebe kitambulisho, karatasi za hospitali, nambari za simu za mashahidi, na chochote kinachoonyesha alilipwa na nani, hata kama ni ujumbe wa M-Pesa.