Gari Inatetemeka Ikisimama? Jua Shida Kabla Hujatuma Pesa ya Spea

Uko kwenye foleni ya Thika Road jioni, gia iko D, mguu uko kwenye breki. Usukani unatetemeka, kiti kinatetemeka, na kwenye dashibodi kuna taa ya njano yenye umbo la injini. Foleni ikisonga, gari inatulia. Ikisimama tena, inaanza upya. Unampigia fundi, na hata hujamaliza kueleza anakujibu: "Boss, hizo ni plagi. Tuma pesa nikanunue."

Mwenzetu mmoja hapa ofisini alituma. Plagi 4, shilingi 3,600. Mtetemo ukabaki palepale. Akaambiwa basi ni koili, akatuma 7,500. Bado. Mara ya tatu ikawa sensa ya hewa, 9,000. Jumla 20,100, na hapo hatujahesabu pesa ya kazi. Fundi wa pili alifungua boneti, akasikiliza kidogo, akaingiza mkono nyuma ya injini na kutoa mpira mwembamba wa hewa uliokuwa umepasuka. Mpira mpya haukufika hata shilingi 500.

Lililomuuma zaidi ni lile lililofuata. Alitaka kurudisha ile sensa, lakini hakuwa na risiti. Hakujua hata ilinunuliwa duka gani, kwa sababu pesa zote zilikwenda kwa namba ya kibinafsi ya fundi. Ndiyo maana leo tunazungumza kuhusu magari. Pesa ya spea huenda haraka sana, na kuirudisha ni kazi.

Anza na swali moja: inatetemeka wakati gani?

Huhitaji kuwa fundi kujibu hili. Kabla ya kumpigia mtu simu, jaribu yafuatayo mahali salama.

• Inatetemeka ikiwa D, lakini ukiweka N inapungua sana. Shuku kwanza zile raba zinazoshikilia injini, ambazo mafundi huziita mauntingi. Zikichakaa, mtikisiko wa injini unaingia moja kwa moja ndani ya gari.

• Inatetemeka D na hata N, na mshale wa mizunguko unapanda na kushuka. Hapo injini yenyewe haichomi mafuta vizuri. Injini nyingi za petroli zikishapata moto huzunguka kati ya mara 600 na 900 kwa dakika gari ikiwa imesimama. Inaweza kuwa plagi, koili, nozeli chafu, uchafu kwenye mlango wa hewa, au mpira uliopasuka kama ule wa mwenzetu.

• Imetulia ikisimama, lakini inatetemeka ukifika kama kilomita 80 kwa saa. Usiguse injini. Angalia tairi na balansi ya magurudumu.

• Inatetemeka ukikanyaga breki tu. Angalia diski za breki.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi hawaambiwi wakinunua gari. Injini za silinda 3, kama zile za Vitz nyingi za sisi 1000 na Nissan Note ya sisi 1200, hutikisika kidogo zaidi kuliko za silinda 4. Hivyo ndivyo zilivyotengenezwa. Cha kukuhangaisha ni mtetemo ulioongezeka, ambao mwezi jana haukuwepo.

Taa zinasema nini?

Nyekundu inakuambia simama. Njano inakuambia tafuta fundi, lakini usikimbie.

Taa nyekundu ya mafuta ya injini, ile yenye umbo la kopo la oili, ikiwaka ukiendesha, toka barabarani na uzime injini hapohapo. Usijiambie "nifike tu nyumbani". Injini isiyopata oili inaweza kuharibika ndani ya dakika chache. Taa nyekundu ya joto pia ni ya kusimama, na usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto, maji yatakuchoma. Taa ya betri mara nyingi inamaanisha alteneta haichaji, kwa hivyo ukizima gari huenda isiwake tena.

Taa ya injini ya njano ikiwaka bila kupepesa, unaweza kufika kwa fundi taratibu. Ikipepesa huku gari inatikisika, silinda moja au zaidi haichomi. Petroli hiyo inaingia kwenye ekzosi na inaweza kuharibu kataliti, na bei ya kataliti unaijua au utaijua. Punguza mwendo, simama panapofaa, na uite msaada.

Halafu kuna taa isiyowaka kabisa. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, taa ya injini inafaa kuwaka, kisha izime injini ikishawaka. Kama unakagua gari ya kununua na taa hiyo haionekani kabisa, uliza kwa nini.

Mashine haitaji spea

Magari mengi ya petroli tunayoendesha hapa Kenya yana tundu la kuchomeka mashine ya kupima chini ya dashibodi. Mashine hutoa namba. P0301 inamaanisha silinda ya 1 haichomi vizuri, P0302 ni silinda ya 2. P0171 inamaanisha hewa ni nyingi kuliko petroli. Namba hizo zinaonyesha mahali pa kutafuta. Hazisemi "nunua koili".

Tuseme umepata P0301. Fundi mwangalifu atazima injini, ahamishe koili ya silinda ya 1 hadi ya 2, afute namba na kupima tena. Namba ikigeuka kuwa P0302, koili ndiyo mbaya. Ikibaki P0301, koili haina makosa, aangalie plagi na nozeli. Jaribio hilo ni la dakika chache na halihitaji spea yoyote. Kwa P0171, mipira ya hewa ikaguliwe kabla mtu hajataja sensa.

Na usikubali kufutiwa taa ukaambiwa gari imepona. Kama chanzo kipo, itawaka tena, pengine kabla hujamaliza wiki.

Sasa, pesa

1. Lipia kupimwa kando na kutengenezwa. Kubaliana bei ya kupima kwanza. Omba uonyeshwe namba kwenye mashine, uipige picha.

2. Omba makadirio kwa maandishi. Hata SMS inatosha: spea gani, mpya au ya kutumika, bei, na pesa ya kazi. Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012 ina sehemu maalum kuhusu utengenezaji wa magari, kwa hivyo humwombi fundi fadhila.

3. Lipa duka moja kwa moja. Kama spea inatoka Kirinyaga Road na wewe uko kazini, mwambie fundi akutumie namba ya till ya duka. Soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Fundi mlipe pesa ya kazi peke yake, baada ya kuendesha gari na kuona imetulia.

4. Uliza kuhusu kurudisha kabla ya kulipa. Maduka mengi hayapokei tena spea za umeme zikishafungwa kwenye gari.

5. Usifute ujumbe wa malipo. Weka pamoja ujumbe huo, risiti ya duka na picha ya namba. Omba pia spea ya zamani.

6. Ukituma kwa namba isiyo sahihi, omba kurudishiwa mara moja kupitia huduma rasmi. Ukingoja, mpokeaji anaweza kuwa ameshazitoa. Na PIN yako haimhusu mtu yeyote, hata anayesema anapiga kutoka kwetu.

Mafundi wengi ni watu wa kazi safi, na fundi mzuri hakasiriki ukimuuliza "umejuaje?" Atakuonyesha. Mwenzetu bado ana ile sensa kwenye droo ya meza yake, ndani ya boksi. Siku hizi akiambiwa "tuma pesa", jibu lake ni moja: "Nitumie kwanza picha ya namba, na till ya duka."