GARI LA KALE: RAHISI KULINUNUA, GHALI KULIFUGA

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Methali hii nimeisikia tangu shule ya msingi, lakini ni mwaka huu nilipoiona ikienda kwa magurudumu manne. Katika makala haya nataka kueleza gharama ya kumiliki gari la kale, hasa kwa kijana ambaye ndiyo mwanzo amepata leseni. Najua wengi wetu hapa shuleni tuna hamu ya usukani. Sheria ya Kenya haimpi leseni ya gari mtu aliye chini ya miaka 18, kwa hivyo sisi tuna muda wa kutosha wa kupiga hesabu kabla ya kupiga honi.

Gari la kale ni lipi?

Si kila mkweche ni gari la kale la kujivunia. FIVA, shirikisho la kimataifa la wapenzi wa magari hayo, huhesabu gari kuwa la kihistoria likiwa limetimiza angalau miaka 30 na limetunzwa katika hali yake ya asili. Huko Nairobi kuna maonyesho ya Africa Concours d'Elegance katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ambapo magari kama hayo hung'arishwa mpaka ukajiona usoni kama kwenye kioo.

Huku kwetu Kisii na Nyamira, gari la kale likitajwa wazee hawafikirii Rolls-Royce. Wao hufikiria Peugeot 504, ama Pijo kama wanavyoiita. Gari hili lilizinduliwa Ufaransa mwaka wa 1968, na mwaka wa 1969 likatuzwa kuwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya. Hapa Kenya liliunganishwa kwa miaka mingi, hata baada ya Wafaransa wenyewe kuhamia magari mengine. Katika mashindano ya Safari Rally, Ove Andersson wa Uswidi alishinda nalo mwaka wa 1975, naye Jean-Pierre Nicolas wa Ufaransa akashinda na 504 nyingine mwaka wa 1978. Kabla ya hapo 404, kaka mkubwa wa 504, alikuwa ameshinda miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Basi mtu akikwambia Pijo lilikuwa gari la barabara mbovu, usimbishie.

Lile la safu tatu za viti ndilo lililokuwa teksi ya safari ndefu. Abiria walijazana humo pamoja na mikungu ya ndizi, na gari likapanda milima. Siku hizi kazi hiyo katika barabara za Kisii, Keroka na Nyamira imechukuliwa na Toyota Probox. Hata hivyo, Pijo bado lina wapenzi wake. Mmoja wao ni kaka yangu mkubwa.

Pijo chini ya mparachichi

Kaka yangu ana umri wa miaka 23. Ni fundi wa umeme wa nyumba na kila siku ya kazi husafiri kilomita 20 kwenda mjini Kisii na 20 kurudi. Ameweka akiba ya shilingi 250,000. Kijijini kwetu kuna Peugeot 504 iliyokuwa ya mwalimu mmoja mstaafu, ambaye sasa ni marehemu. Gari limeegeshwa chini ya mparachichi, na nambari yake ni ya zile za kale zisizo na herufi mwishoni. Wazee wanasema kwamba zamani, mama akishikwa na uchungu usiku, ni Pijo hilo lililoamshwa kumkimbiza hospitalini. Kaka anasema naye ni mmoja wa waliozaliwa kwa safari hizo. Kwa hivyo si chuma tu anachokipenda, ni historia.

Mjane wa mwalimu anataka shilingi 180,000. Kwa Probox iliyotumika, kaka alitajiwa shilingi 600,000. Ukiangalia bei hizo mbili pekee, nani hatachagua Pijo? Lakini nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Dada yetu amepata nafasi chuoni, na baba alikuwa ameitazama akiba hiyo kwa jicho la matumaini. Nami nikaambiwa, “Wewe unayesoma hesabu, hebu tufanyie.” Kwa kuwa sisi wa Kidato cha Tatu tunasoma hesabu za biashara, pamoja na jinsi thamani ya kitu inavyopungua kila mwaka, nilichukua kalamu.

Kwa nini gari la kale hula pesa

Kabla ya tarakimu, ni vizuri kuelewa sababu. Niliongozana na kaka hadi kwa fundi mmoja wa jua kali mjini Kisii, mzee aliyezeeka na magari haya. Alituambia, “Kijana, hii gari haina ubaya. Lakini si gari ya mtu ako na haraka.”

Kwanza ni mafuta. Pijo hutumia kabureta. Magari ya kisasa yana kompyuta ndogo inayopima hewa inayoingia kwenye injini na kutoa petroli kwa kiasi chake. Kabureta haina akili hiyo. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Kabureta iliyorekebishwa pwani ikiletwa huku hutia petroli nyingi kuliko hewa, na matokeo yake ni moshi mweusi na mfuko mtupu. Ongeza milima yetu, ambapo gia ya pili haipumziki. Isitoshe, mnamo Julai 2024 ushuru wa kutengeneza barabara ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita. Anayechoma lita nyingi hulipa ushuru mwingi.

Pili ni kutu. Nyanda zetu hupata mvua karibu mwaka mzima. Mvua hii ndiyo baraka ya majani chai na ndizi, lakini ni sumu ya mabati. Tope hujificha chini ya milango na sakafuni, na chuma huliwa kimyakimya huku rangi ya juu ikiendelea kutabasamu. Fundi alipiga sakafu ya gari lile kwa bisibisi, ikaingia kama kwenye keki.

Tatu ni petroli yenyewe. Injini nyingi za zamani zilitengenezwa wakati petroli ilipokuwa imetiwa madini ya risasi, ambayo yalisaidia kulinda vikalio vya vali visilike. Risasi ni sumu, hasa kwa akili za watoto, na kufikia mwaka wa 2006 Kenya ilikuwa imeachana na petroli hiyo. Tulifanya vyema kabisa. Lakini mwenye injini ya zamani sharti amwulize fundi kama vikalio vyake vinahimili petroli ya sasa ama vitabadilishwa.

Nne ni spea. Magari yaliyotumika yakizidi umri wa miaka minane hayaruhusiwi kuingizwa nchini. Kwa hivyo huwezi kuagiza Pijo jingine kutoka ng'ambo upate spea zake. Utategemea yaliyokufa humu humu nchini, au uagize kipuri kimoja kimoja na kungoja. Siku unazongoja nazo ni pesa.

Tano ni makaratasi. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Hati ya umiliki, yaani logibuku, ingali kwa jina la marehemu. Muuzaji ndiye anayepaswa kuhamisha umiliki kwa mfumo wa NTSA, na marehemu hawezi kubonyeza simu. Ni lazima familia iende mahakamani kupata hati ya kusimamia mirathi kwanza. Ukilipa kabla ya hapo, umenunua ugomvi wa ndugu.

Sita ni usalama na bima. Pijo la umri huo halina mifuko ya hewa wala breki za kompyuta za kuzuia tairi kukwama kwenye utelezi. Kwa dereva mgeni, mteremko na mvua, hilo si jambo dogo. Sheria inataka angalau bima ya kuwalinda watu wengine. Bima hiyo humfidia uliyemgonga; gari lako hubaki juu yako. Bima kamili kwa gari la umri huo ni vigumu kuipata.

Sasa tarakimu

Fundi alikadiria matengenezo ya kulifanya gari litembee hivi:

Kunyoosha bodi, kuziba kutu na rangi: sh 60,000
Tairi nne: sh 30,000
Breki: sh 18,000
Viti: sh 15,000
Rejeta: sh 15,000
Kabureta: sh 12,000
Betri: sh 10,000
Jumla: sh 160,000

Ongeza bei ya kununua, utapata shilingi 340,000. Akiba ya kaka imeshapitwa na hata hajawasha injini!

Tukaja kwa mafuta. Kaka akiendesha kilomita 40 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, ni kilomita 1,000. Tuseme petroli ni shilingi 185 kwa lita, Pijo linakwenda kilomita 8 kwa lita na Probox kilomita 12.5. Pijo litakunywa lita 125, yaani shilingi 23,125 kwa mwezi. Probox itakunywa lita 80, yaani shilingi 14,800. Tofauti ni shilingi 8,325 kwa mwezi, ambayo kwa mwaka ni shilingi 99,900.

Lakini tusilionee Pijo. Gari jipya lina mwizi wake asiyeonekana: kupungua kwa thamani. Probox ya shilingi 600,000 ikipoteza asilimia 10 kila mwaka, baada ya miaka mitatu itakuwa shilingi 437,400. Shilingi 162,600 zitakuwa zimeyeyuka. Pijo, likitunzwa vizuri, laweza kuuzwa kwa bei ile ile lililonunuliwa.

Nikajumlisha gharama za miaka mitatu. Kwa Pijo: matengenezo ya kwanza 160,000, mafuta 832,500, bima ya watu wengine 21,000 na sabisi 180,000. Jumla ni shilingi 1,193,500. Kwa Probox: kupungua kwa thamani 162,600, mafuta 532,800, bima kamili 90,000 na sabisi 90,000. Jumla ni shilingi 875,400. Gari la “bei rahisi” limezidi kwa shilingi 318,100, karibu 8,800 kila mwezi!

Kisha nikauliza: je, kama gari ni la kwenda kanisani na harusini tu, kilomita 100 kwa mwezi? Mafuta ya Pijo kwa miaka mitatu yanashuka hadi 83,250 na ya Probox 53,280. Nikikata sabisi nusu, Pijo linafika shilingi 354,250 na Probox shilingi 350,880. Ni karibu sawa kwa sawa! Hapa ndipo siri yote ilipolala. Gari la kale hukula kwa kilomita; gari jipya hukula kwa miaka. Kwa hivyo gari la kale linamfaa anayeendesha kidogo, na linamwumiza anayelitegemea kila siku kwa riziki yake.

Tusisahau njia ya tatu. Nauli ya matatu kutoka kwetu hadi Kisii ni shilingi 100. Kwenda na kurudi siku 25 ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Hata Probox haigusi hapo. Nilipoisoma hesabu hii mezani baba alicheka, lakini kaka alinyamaza. Kisha akasema, “Sawa, lakini hesabu yako haijaandika usiku mtu akiwa mgonjwa.” Ni kweli, sikuwa na safu ya kuliandika hilo.

Walikubaliana hivi: sehemu ya akiba imsaidie dada muhula wa kwanza, kaka aendelee na matatu, na mjane ashughulikie mirathi. Makaratasi yakitoka na Pijo likiwa halijauzwa, kaka atalinunua na kulitengeneza polepole, sakafu kwanza, rangi mwisho. Baba bado anasema ni upuuzi. Kaka anasema ni heshima.

Ushauri kwa anayetamani gari la kale

Msomaji mpenzi, usione vyaelea, vimeundwa. Ukilitamani gari la kale, fanya haya:

1. Tazama logibuku kabla ya kutazama rangi.
2. Nenda na fundi asiyejuana na muuzaji, na mpige sakafu kwa bisibisi.
3. Weka kando pesa za matengenezo zinazokaribia bei ya kununua.
4. Hesabu kilomita utakazoendesha kwa mwezi, kwa maana hizo ndizo zitakazoamua.
5. Usilifanye kuwa tegemeo lako la pekee la kwenda kazini.

Gari la kale ni kama ng'ombe wa mahari ambaye haulizwi maziwa: anafugwa kwa thamani nyingine. Hakuna ubaya wa kumfuga, mradi uwe na majani ya kumlisha. Mwenye kupenda bila kuhesabu atajikuta analisukuma gari lake mlimani, na mwenye kuhesabu bila kupenda hatalielewa kamwe.