Bei ya Saa Moja ya Injini

Pikipiki ya motocross haina mita ya kilomita. Kinachofungwa kwenye usukani, mara nyingi na mnunuzi mwenyewe, ni kisaa kidogo kinachohesabu muda ambao injini imewaka. Ratiba ya matengenezo kwenye kitabu cha mtengenezaji nayo huenda kwa saa: oili baada ya saa chache, pistoni baada ya makumi machache, kisha kranki. Mzazi wa kijana wa miaka 15 anayetoka kwenye cc 85 na kutafuta cc 250 ya mipigo minne aghalabu hajajiandaa kwa hesabu ya namna hii. Huuliza ipi ina nguvu zaidi, na bingwa wa dunia anaendesha ipi. Hayo ni maswali halali, ila yangesubiri nyuma ya mawili mengine: saa moja ya injini itagharimu kiasi gani, na nani aliye karibu ana spea ya kuifanya iendelee kuwaka. Kwa familia ya Nairobi, Kampala au Arusha, majibu ya maswali haya mawili yanaweza kuipindua kabisa orodha iliyopangwa kwa nguvu za farasi.

Soko hili lilifunguliwa na kanuni kabla ya kufunguliwa na ufundi. Kwa miaka mingi motocross ilitawaliwa na injini za mipigo miwili, nyepesi na rahisi kufungua. Chama cha waendesha pikipiki cha Marekani, AMA, kilipoziruhusu injini za mipigo minne ziwe na ujazo mkubwa zaidi katika daraja lilelile, Yamaha iliuona mwanya. Mwaka 1997 Doug Henry alishinda mashindano ya supercross ya Las Vegas akiwa juu ya YZM400F, pikipiki ya majaribio. Mwaka uliofuata YZ400F ikawa dukani, na modeli ya 2001 ikaja na YZ250F iliyolenga daraja la cc 125. Kufikia modeli za 2004 Honda ilikuwa na CRF250R, huku Kawasaki na Suzuki zikileta pikipiki ziliyoibuni kwa ubia. Honda ilifunga ukurasa wa mipigo miwili ya motocross na modeli za 2007. Kijana wa cc 125 aliyebaki uwanjani akajikuta akishindana na injini yenye ujazo mara mbili ya yake. Mzazi naye akajikuta akinunua mashine yenye kemshafti, mnyororo wa ndani, valvu nne na, siku hizi, kompyuta ya kupima mafuta. Ni vipuri vingi zaidi vya kuchakaa, na kila kimoja kina bei yake.

Tuchukue hesabu ya kukadiria. CRF250R mpya ilikuwa ikiuzwa Marekani kwa dola 8,000 na ushee, kabla ya meli, ushuru na faida ya muuzaji wa huku. Kijana anayefanya mazoezi mara mbili kwa wiki na kushindana mara moja moja atawasha injini kama saa 120 kwa msimu. Tukibadilisha pistoni kila baada ya saa 40, hizo ni pistoni tatu, ambazo pamoja na ringi na gasketi zake zitakula karibu dola 750. Oili ikimwagwa kila baada ya saa tano ni mara 24. Tairi za nyuma sijazigusa, wala sahani za klachi. Hata hivyo gharama kubwa kuliko hizo haionekani kwenye risiti yoyote: pikipiki iliyonunuliwa kwa dola 8,300 ikiuzwa kwa 5,000 baada ya msimu imemeza dola 3,300, yaani zaidi ya 27 kwa kila saa, kabla hata ya tone la petroli. Sasa tuseme mzazi amechukua ya miaka mitatu kwa dola 4,500, akatumia 1,500 kuifungua injini yote na kuweka pistoni, valvu na kranki mpya, kisha akaiuza kwa 3,500. Amepoteza dola 2,500, karibu 21 kwa saa. Tofauti ya dola 800 inalipa pistoni zote tatu za msimu, na anaijua injini yake ndani nje.

Atakayepinga atasema pikipiki mpya haileti wasiwasi. Kwa wiki za mwanzo ni kweli. Lakini wasiwasi wa injini hizi haumo katika umri wa fremu. Umo kwenye valvu, na valvu hasidi wake ni vumbi. Modeli nyingi za cc 250 hutumia valvu za titani upande wa kuingiza hewa, kwa sababu ni nyepesi na injini huzunguka zaidi ya mara 13,000 kwa dakika. Ngozi ngumu iliyopakwa juu ya titani ikishakwanguliwa na vumbi lililopita kwenye chujio, valvu huanza kuzama kwenye kiti chake na nafasi yake hupungua. Dalili huwa ya upole: pikipiki inaanza kuwa ngumu kuwaka. Mwenye haraka hulaumu plagi. Fundi wa bodaboda, ambaye huweka nafasi ya valvu za pikipiki yake ya Boxer kwa kulegeza nati na kuzungusha skrubu, atakuta kwenye 250 hii hakuna skrubu. Kuna visahani vya chuma vinavyotofautiana kwa sehemu za mia za milimita, na bila sanduku la visahani hivyo hawezi kufanya lolote. Valvu ikikatika kichwa, hushuka nayo pistoni, silinda na kichwa cha injini, na bili inaweza kupita dola 2,000. Kwenye vumbi jekundu la viwanja vya Jamhuri Park, Nairobi, au Garuga, Uganda, chujio lililooshwa na kupakwa mafuta kila siku ya mazoezi lina thamani kuliko farasi watatu wa ziada.

Kwa nini basi asibaki na mipigo miwili? Hoja hii ina uzito kuliko wauzaji wanavyokubali. Pistoni ya cc 125 hubadilishwa mezani kwa muda mfupi, Yamaha YZ125 bado inatengenezwa, na ubingwa wa dunia wa vijana pamoja na EMX125 ya Ulaya bado hukimbiwa kwa injini hizo. Kwa mwaka mmoja wa kuvuka kutoka cc 85, ningemwambia mzazi aichukue bila aibu. Shida huanza pale daraja linapochanganya aina zote mbili. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na huko kila injini hupoteza kama sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Pikipiki yenye nguvu kidogo huisikia hasara hiyo mapema kwenye mlima na baada ya kona ya mchanga. Kabureta nayo hutaka kupangwa upya kila unapobadilisha mwinuko, ilhali mfumo wa kisasa wa kupuliza mafuta hujirekebisha wenyewe. Kijana anayetaka kwenda mbali atahitaji mipigo minne. Lakini si lazima aihitaji mwaka huu.

Hoja ya nguvu ina sababu ya kibiashara nyuma yake. Shirikisho la kimataifa, FIM, linaweka ukomo wa umri wa miaka 23 kwenye MX2, daraja lake la cc 250, kwa hiyo viwanda humwaga fedha kwenye 250 zao ili kumnasa kijana kabla hajawa na mazoea. Kinachotokea dukani ni tofauti ndogo za farasi zinazotangazwa kwa herufi kubwa, wakati mwendeshaji chipukizi hawezi hata kutumia zile alizo nazo. Yamaha tangu modeli ya 2019 imeruhusu mwenye YZ250F kuitengeneza tabia ya injini kwa simu, na wanaoanza hunufaika zaidi wakiipunguzia ukali.

Swali la spea lilipata uzito mpya pale KTM ya Austria ilipoingia kwenye mchakato wa ufilisi mwishoni mwa Novemba 2024. Uzalishaji ulisimama, wadai wakakubali kulipwa asilimia 30 ya madai yao, na Bajaj ya India, ambayo hapa kwetu jina lake limeandikwa kwenye tangi la bodaboda, ikaleta fedha za kuiokoa mwaka 2025. Kwa mnunuzi habari hii ina sura mbili. KTM, Husqvarna na GasGas hutumia sehemu nyingi za injini zilezile, hivyo spea moja huhudumia majina matatu, na pikipiki zilizorundikana bila kuuzwa zilivuta bei chini. Upande wa pili, mwenye duka aliyeungua na kucheleweshewa mzigo hatakuwa mwepesi wa kuweka rafuni kranki inayonunuliwa mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo ushauri wa chapa hauwezi kutolewa kwa bara zima. Mahali ambapo wengi uwanjani wanaendesha Yamaha, kuna Yamaha iliyokufa fremu ya kukatwa spea, na kuna fundi mwenye visahani vyake. KTM ikiwa moja tu, mwenye nayo ataagiza kila kitu kwa ndege.

Anayekwenda kukagua ya mkononi na aende kabla muuzaji hajaiwasha, ashike silinda kuhakikisha ni baridi, kisha aiwashe, aizungushe mpaka iwe moto, aizime na kuiwasha tena papo hapo. Afungue boksi la hewa na apitishe kidole ndani ya mdomo wa mpira, upande wa injini, nyuma ya chujio. Kidole kikitoka na vumbi, ile 1,500 ya kufungua injini haitatosha, na bei ishuke kabla maneno mengine hayajaendelea.