Kidaka (nyumba)

Kidaka (wingi: vidaka, kwa Kiamu: zidaka) ni tundu la mapambo lililojengwa ndani ya unene wa ukuta wa chumba, hasa katika nyumba za kale za mawe za Waswahili. Vidaka hupangwa kwa safu, kimoja juu ya kingine, na hutumika kuwekea sahani na bakuli za kauri, vyombo vya shaba, vitabu na taa. Vinajulikana zaidi kutoka miji ya Lamu, Pate na Siyu nchini Kenya, lakini matundu ya namna hiyo yanapatikana pia katika magofu ya Gedi, katika Songo Mnara karibu na Kilwa, na katika Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Vidaka viliwawezesha wenye nyumba kupamba chumba chembamba bila kupunguza nafasi ya sakafu. Kwa sababu hiyo huchukuliwa kuwa mfano mzuri wa jinsi ufundi wa ujenzi na mapambo ya nyumba vinavyotegemeana.

Jina

Katika Kiswahili sanifu neno kidaka lina maana ya tundu au kishimo kidogo ukutani cha kuwekea vitu. Katika lahaja ya Kiamu wingi wake ni zidaka, na umbo hilo ndilo linalotumika mara nyingi katika maandishi kuhusu nyumba za Lamu. Neno daka kwa watu wa Lamu ni pia kibaraza chenye viti vya mawe kwenye mlango wa mbele, ambapo mwenye nyumba huwapokea wageni. Tundu kubwa la ukutani, lenye rafu au lisilo na rafu, huitwa pia shubaka.

Kwa nini chumba kilikuwa chembamba

Nyumba za mawe za pwani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo. Dari ya chumba, ambayo mara nyingi ilikuwa pia sakafu ya ghorofa ya juu, ilibebwa na boriti za mikoko zilizolazwa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Juu ya boriti waashi walipanga mawe, kisha wakamwaga tabaka nene la kokoto na chokaa na kulitwanga mpaka likashikamana.

Dari kama hiyo ni nzito sana. Mti wa mkoko ni mgumu na hauliwi haraka na mchwa, lakini sehemu yake iliyonyooka na yenye nguvu ya kutosha ni fupi. Kwa hiyo upana wa chumba kwa kawaida haukuzidi mita 2.5 hadi 3. Urefu wa chumba haukuwa na kikomo hicho, kwani fundi aliweza kuendelea kulaza boriti nyingine kando ya ya kwanza kadiri mwenye nyumba alivyoweza kulipa. Ndiyo maana chumba cha tajiri kilikuwa kirefu kuliko cha jirani yake, lakini si kipana zaidi. Aliyetaka ukumbi mpana alilazimika kusimamisha nguzo katikati au kujenga kuba, kama inavyoonekana katika Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani.

Boriti za Lamu na za delta ya Rufiji ziliuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na kusafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni na Ghuba ya Uajemi. Huko nako nyumba za zamani zina vyumba virefu na vyembamba kwa sababu ileile.

Upungufu wa nafasi unaweza kuonyeshwa kwa hesabu ndogo. Katika chumba chenye upana wa mita 2.6, kabati lenye kina cha sentimita 50 likiwekwa kando ya ukuta mrefu huchukua karibu sehemu moja ya tano ya upana wote. Likiwekwa lingine upande wa pili, kinachobaki ni mita 1.6. Kidaka hakichukui chochote, kwa sababu kimo ndani ya ukuta ambao lazima uwe mnene ili ubebe dari.

Umbo na ujenzi

Vidaka vya Lamu na Pate vilifikia kilele cha ufundi katika karne ya 18. Nyumba ya Lamu ya wakati huo ilipangwa kuanzia kiwanda, yaani uwanja mdogo wa ndani usioezekwa. Kutoka hapo kulikuwa na kumbi nyembamba zilizofuatana, msana wa tini na msana wa yuu, na nyuma yake chumba kiitwacho ndani. Kila hatua ya kuingia ndani sakafu ilipanda kidogo. Madirisha ya nje yalikuwa machache ili kulinda faragha ya familia na kuzuia joto, kwa hiyo mwanga uliingia hasa kupitia kiwanda na kupungua kadiri mtu alivyoingia ndani.

Safu za vidaka zilijengwa hasa katika ukuta wa ndani, ule ambao mgeni huuona mbele yake anapotazama kutoka upande wa kiwanda. Waashi walipiga lipu ya chokaa, na kabla haijakauka kabisa waliichonga kwa ncha ya kisu mapambo ya majani, maua, duara na mistari iliyosukwa. Sehemu ya juu ya kidaka ilifanywa tao lenye ncha au lenye mikunjo. Mapambo hayo hayana sura za watu wala wanyama, kwa kufuata desturi ya sanaa ya Kiislamu.

Mpangilio huo ulikuwa na faida tatu:

1. Chokaa nyeupe ilirudisha mwanga hafifu, na matundu yakatoa vivuli vilivyoonyesha mapambo vizuri zaidi.
2. Ukuta wenye safu za matao huonekana una kina, hivyo chumba hakimbani mtu machoni kama ukuta mtupu.
3. Vyombo vya thamani viliwekwa juu, mbali na miguu ya watu na mikono ya watoto, lakini vilionekana na wote.

Vyombo vilivyopangwa

Vitu vilivyowekwa katika vidaka vilitoka mbali, na vingi vilikuwa vya kale hata kwa wenyewe waliovipanga. Kauri kutoka China na vyombo vilivyopakwa rangi ya kung'aa kutoka Uajemi vilifika pwani kupitia biashara ya Bahari ya Hindi kwa karne nyingi. Katika karne ya 19 ziliongezeka sahani za viwandani kutoka Ulaya, hasa Uingereza na Uholanzi, zenye maua ya rangi kali.

Bakuli na sahani zilipachikwa pia kwa chokaa katika kuta za misikiti na katika makaburi yenye nguzo, kama yale ya Kunduchi nchini Tanzania na Mambrui nchini Kenya. Vipande vya kauri vimewasaidia wanaakiolojia kukadiria umri wa majengo, kwa kuwa mitindo ya vyombo vya China inajulikana kwa vipindi. James Kirkman, aliyeanza kuchimba Gedi mwaka 1948, alizipa baadhi ya nyumba majina kutokana na vitu vilivyopatikana humo, mojawapo ikiwa Nyumba ya Bakuli la Kauri.

Vioo, saa na samani

Maelezo mazuri ya vyumba vya Zanzibar vya karne ya 19 yametolewa na Sayyida Salme (1844–1924), binti wa Sultani Said bin Sultani, ambaye baadaye aliitwa Emily Ruete. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 anaeleza kwamba kuta za vyumba ziligawanywa na matundu marefu yaliyofika karibu na dari, yakiwa na rafu za mbao. Juu ya rafu zilipangwa bilauri, sahani na birika kwa ulinganifu, na watu hawakuogopa gharama ya chombo kilichopendeza. Nafasi nyembamba zilizobaki kati ya matundu zilijazwa vioo virefu vilivyoagizwa kwa vipimo vyake. Saa zilipendwa sana, ilhali picha zilikuwa nadra.

Samani zilikuwa chache. Katika nyumba za pwani zilikuwepo kitanda cha miguu mirefu, sanduku la mbao lililopambwa kwa misumari ya shaba, na kiti cha enzi, yaani kiti cha mbao nyeusi chenye mgongo na kiti cha kamba kilichotiwa nakshi za pembe, ambacho alikalia mgeni wa heshima. Wengine walikaa chini juu ya mikeka na mazulia, ambayo hukunjwa na kuacha sakafu wazi.

Katika ushairi

Utendi wa Al-Inkishafi, uliotungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, unataja vidaka katika kueleza kuanguka kwa mji wa Pate. Mshairi anaonyesha matundu yaliyokuwa na vyombo vya kauri yakiwa yamegeuka makao ya makinda ya ndege. Kwa wasomaji wake taswira hiyo ilieleweka mara moja: kidaka kilikuwa alama ya utajiri wa nyumba, na kidaka kitupu kilikuwa alama ya kwisha kwake.

Bara

Misafara ya biashara ya karne ya 19 ilipeleka ufundi wa pwani hadi Tabora na Ujiji. Huko Kwihara, karibu na Tabora, nyumba ambayo David Livingstone alikaa mwaka 1872 imejengwa upya na kufanywa makumbusho. Ina mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa pwani. Kuta za udongo na dari za miti ya porini hazikufaa kwa vidaka vya chokaa iliyochongwa, kwa hiyo sehemu hiyo ya ufundi haikuenea sana.

Baadaye nyumba ya Kiswahili ya mjini, yenye korido katikati, vyumba pande zote mbili na uani nyuma, ilienea katika miji mingi ya Tanzania, kuanzia Dar es Salaam hadi Kigoma na Mpanda. Familia nyingi hupanga chumba kimoja au viwili tu katika nyumba ya namna hiyo, na tatizo la nafasi ni lilelile. Kazi ya kidaka hufanywa na kabati la vyombo lenye milango ya vioo, ambamo vikombe na sahani za wageni hupangwa zionekane. Kabati hilo, hata hivyo, husimama sakafuni na kula nafasi ambayo kidaka kiliiacha.

Upotevu na ulinzi

Vitu vya kale vya pwani vimepotea kwa njia mbalimbali. Nyumba zilipohamwa, mvua iliozesha boriti na dari zikaanguka. Sahani zilizopachikwa katika makaburi na misikiti ziling'olewa na wachukuzi wa vitu vya kumbukumbu na wafanyabiashara, na katika magofu mengi kilichobaki ni alama za duara katika chokaa. Milango ya kuchongwa, viti vya enzi na masanduku viliuzwa kwa wageni na kupelekwa ng'ambo. Ukarabati kwa saruji huleta madhara pia, kwani saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta wa matumbawe, nayo lipu ya zamani hubanduka.

Nchini Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, pamoja na milango na fremu za milango zilizochongwa kabla ya mwaka 1940. Vitu hivyo haviruhusiwi kupelekwa nje ya nchi bila kibali. Zanzibar ina sheria yake ya mambo ya kale. Kenya hutumia Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Mjini Lamu nyumba moja ya karne ya 18 imehifadhiwa kama makumbusho ya nyumba ya Kiswahili, na vidaka vyake vinaweza kutazamwa.

Matumizi ya leo

Waashi wa Lamu bado hujenga vidaka katika nyumba mpya, hoteli na nyumba za wageni. Kanuni yake inaweza kutumika pia katika chumba cha kawaida cha matofali au tope, bila vitu vya gharama:

- Ukuta wa matofali ya kuchoma au ya udongo ulio mnene unaweza kuachiwa matundu wakati wa kujenga. Si salama kuchimba tundu baadaye katika ukuta mwembamba wa tofali moja au ukuta unaobeba paa.
- Rafu nyembamba za mbao zilizofungwa juu ya usawa wa kichwa huacha sakafu wazi kwa watu kupita.
- Kioo kikiwekwa mkabala na dirisha huongeza mwanga katika chumba chenye giza.
- Picha ndogo hufaa zaidi kuliko kubwa. Michoro ya mtindo wa Tingatinga, ulioanzishwa Dar es Salaam mwaka 1968 na Edward Saidi Tingatinga (1932–1972), ilichorwa kwa kawaida juu ya vibao vya mraba vya takriban sentimita 60, kipimo kinachoenea katika ukuta wa chumba kidogo.
- Vyombo vya zamani vya familia, kama birika la shaba, kibuyu, kikapu cha ukindu, chungu au kinu kidogo, vikipangwa kwa nafasi badala ya kurundikwa, huonekana vizuri na huhifadhika.

Mtu anayenunua vitu vya kale anashauriwa kwanza kujua vimetoka wapi. Sahani iliyong'olewa kaburini au mlango uliotolewa katika nyumba iliyohifadhiwa ni mali iliyopotezwa kwa wengine, hata kama muuzaji ana risiti. Sahani ya bibi iliyokaa miaka mingi kabatini haina shaka hiyo, na historia yake bado inaweza kuulizwa nyumbani na kuandikwa.

Tazama pia

- Lamu
- Mji Mkongwe wa Zanzibar
- Magofu ya Gedi
- Kilwa Kisiwani
- Mikoko
- Tingatinga